Mila Niliyoitunga Siku Samaki Walipogoma

Alhamisi, Juba. Asubuhi mawingu, mchana jua la kukaangia mayai juu ya bati, na jioni hii upepo wa vumbi usio na mvua nyuma yake. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo, umetanda mawingu lakini haunyeshi.

Leo nina aibu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaikodolea macho kama jina la mtu nisiyemfahamu. Mimi si mtu wa aibu. Ukiuliza hapa Malakia watakuambia Mzee Wani aliiacha aibu yake shuleni, darasa la nne, siku aliyotoka kupitia dirishani, na hajarudi kuichukua. Basi leo imenifuata yenyewe. Imezeeka, lakini ilinitambua.

Kwa asiyejua kazi yangu: mimi ni mwongozaji kwenye boti ya watalii. Tunaondokea karibu na bandari ya mto, tunapanda dhidi ya mkondo hadi kwenye vilindi vilivyo kati ya visiwa. Mgeni anayetaka kuvua anavua sangara kwa fimbo ya ndoano, na asiyetaka anaangalia viboko, mamba na ndege. Boti ina mwenyewe, si yangu. Injini anaishika Okello, Mganda mwenye tumbo kubwa na subira kubwa zaidi. Mimi nashika fimbo, chambo na maneno. Maneno ndiyo yanayonichosha zaidi.

Uvuvi wa starehe ni kichekesho, nimewahi kusema. Mtu mzima anamenyana na sangara mpaka shati linaloa. Akimpata anamkumbatia kama mjomba aliyepotea vitani, anapiga naye picha, wengine wanambusu kabisa, kisha wanamrudisha majini. Mara ya kwanza nilitaka kulia. Nilikuwa namwona yule samaki akiondoka na mchuzi wangu.

Shida ni siku ambazo samaki wamegoma. Mgeni anatupa ndoano, anavuta, anatupa tena, halafu anageuka kuniangalia kana kwamba nimewafungia samaki nyumbani kwangu. Siku moja ya namna hiyo, hawaja mmoja, ndivyo tunavyomwita Mzungu hapa, aliniangalia vibaya sana. Nikaona leo nitatupwa mimi majini niwe chambo.

Nikamwambia, "Kwetu, mto haumpi samaki mtu usiyemjua. Lazima ujitambulishe kwanza."

Akauliza mtu anajitambulishaje. Huko nilikuwa sijafika bado, ikabidi nifike haraka. Nikamwambia achote maji kwa kiganja, alowanishe paji la uso, ainame ubavuni mwa boti, ataje jina la mama yake mara tatu, halafu anyamaze kabisa. Kiboko akitoa kichwa, basi mama amesikika na mto umekupokea.

Kwa nini mama na si babu, sijui. Lilinijia tu mdomoni.

Sasa, kiboko ana mapafu kama mimi na wewe. Anakaa chini kidogo, kisha lazima apande kupumua. Simamisha boti kwenye kilindi chao, nyamaza, atatoka tu. Utaje mama, utaje shangazi, utaje bei ya sabuni, atatoka. Yule hawaja alitaja mama yake, kiboko akatoka akipuliza maji puani, na mtu akasahau kabisa habari ya samaki.

Mila ikapata miguu. Watu wenye vyeo waliinama kwenye boti yetu wakinong'ona majina ya mama zao. Mmoja mwenye ndevu nyekundu alilia, nikampa kitambaa cha kufutia injini. Samaki wasipopatikana nilisema labda ulitaja haraka mno. Okello alikuwa akigeukia injini ili mabega yake yasionekane yakicheka. Na wengine waliniuliza, mzee, mbona wewe hutaji wa kwako? Nikawajibu kwamba mimi mto unanijua, umeniogesha uchi. Wakacheka, tukaendelea na safari.

Kisha nikaiandika hapa, kwenye blogu yangu hii. Mnaikumbuka, msijifanye. "Mila ya mababu ya kujitambulisha kwa mto," na picha ya kiboko juu. Mlinipongeza. Mtu mmoja wa ughaibuni aliandika kwamba amejivunia kwao kwa mara ya kwanza. Nikamjibu, shukrani sana, kama vile mababu walinituma nipokee kwa niaba yao.

Hapa hapa ndipo Kiden aliponisoma.

Amekuja leo asubuhi peke yake, mwanamke wa makamo, amevaa gauni la kanisani katikati ya wiki. Hakuwa na kofia wala kamera. Nilimnyooshea fimbo nyepesi, ile ya wanaoanza.

"Sikuja kwa samaki, baba," akasema. "Nimekuja kwa ile mila."

"Leo samaki imepona," Okello akasema kule nyuma, na nikacheka naye. Nilicheka. Naandika hili makusudi.

Njiani akanieleza habari zake, kwa sauti ya kushindana na injini. Ana duka Nyakuron, la sukari na sabuni na vitu vidogo. Amekulia Uganda, upande wa Arua. Ni Mbari kama mimi, kabila la hapa Juba, lakini Kibari chake kinaishia kwenye salamu, ndiyo maana tukaongea Kiswahili. Mama yake alikuwa akiwaambia watoto kwamba mambo ya nyumbani watayaona wakirudi nyumbani. Mama hakurudi. Alifia huko huko wakati Kiden ameshatangulia Juba kufungua duka, na barabara siku zile haikupitika.

"Kaka zangu ndio walimzika," akasema. "Mimi nilifika nyasi zimeshaota. Nilisimama pale kama mgeni. Sikujua kwetu hufanywa nini. Nilipoyasoma yale uliyoandika, baba, nikasema kumbe kipo kitu. Kumbe sisi pia tuna kitu."

Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo. Mtu yeyote mwenye adabu ya kadiri angesema, binti yangu, ngoja, kuna jambo. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Hamia kushoto, kivuli kiko huko."

Tukafika kwenye kilindi. Okello akazima injini. Kiden akavua viatu, jambo ambalo mimi sikuwahi kumwagiza mtu. Akachota maji, akalowanisha paji la uso taratibu, maji yakateremka mpaka kwenye ukosi wa gauni. Akainama.

"Poni," akasema. "Poni. Poni."

Kimya. Mafunjo yakasugua ubavu wa boti. Furukombe, tai mla samaki, akalia ng'ambo, akanyamaza. Maji yalikuwa ya kahawia, laini, hayana hata kiputo cha pumzi.

Kiboko hakutoka.

Nikangoja. Naijua ile nafasi ya kungoja, nimeipima kwa mwili wangu, na ilipita. Nikaangalia mstari wa maji kwenye mizizi ya mafunjo, nikaona mto umepanda tangu safari iliyopita. Viboko wamehama. Wamepanda juu kufuata majani mapya. Na mimi mjinga nilikuwa nacheka mambo ya samaki aliyepona, sikuangalia.

Kwa wageni nina maneno ya siku kama hiyo. Husema mama amejilaza kidogo, tumbishie hodi tena. Yalikuja mpaka kwenye meno, nikayameza. Yana miiba.

"Baba, mbona hatoki?"

"Subiri kidogo, binti yangu."

Akasubiri. Halafu akaanza kuongea, si na mimi, na maji.

"Amekasirika. Ni haki yake. Mama, barabara haikupitika. Nilikwenda kituoni kila asubuhi na mzigo wangu, wakinirudisha. Nilikuwa nimekununulia lile blanketi. Lipo, mama, sijalitumia."

Alijieleza hivyo, mwanamke mzima mwenye duka lake, kama mtoto aliyetumwa chumvi akachelewa. Na mimi nimekaa kwenye ndoo ya chambo nikisikiliza. Sheria niliyoitunga ili nisilaumiwe kwa ajili ya samaki ilikuwa inamwambia mtu huyu kwamba mama yake amemkataa.

Hapo ningesema. Bado ningeweza.

Nikamkonyeza Okello. Tuna ishara yetu, jicho la kulia maana yake twende kilindi cha juu. Akajifanya hakuona. Nikamkonyeza tena mpaka shavu likauma. Akavuta kamba ya injini bila kuniangalia.

"Mto wakati mwingine husikia taratibu," nikamwambia Kiden. "Tupande kidogo." Uongo wa pili huo, umebeba wa kwanza mgongoni.

Kule juu walikuwepo, masikio yanapepea juu ya maji. Waliposikia boti wakazama wote. Kiden akainama tena. Kabla hajalitaja jina mara ya tatu, dume kubwa likaibuka karibu, likapuliza maji mpaka yakatudondokea, likamtazama kwa yale macho ya mpangaji aliyeamshwa. Kiden akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kisha akageuka kwangu akapiga magoti. Yote mawili, kwenye sakafu ya boti yenye maji na magamba ya samaki, na gauni la kanisani. Ndivyo walivyolelewa huko Uganda, ndivyo mwanamke anavyomshukuru mzee. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, baba. Mungu akuweke."

Nimetukanwa na mabingwa wa matusi wa Malakia nikalala usingizi mzuri. Nimewahi kufukuzwa kwenye matanga kwa kucheka. Hakuna lililoniingia kama yale magoti.

Tuliporudi, kabla hata ya kushuka vizuri, alikuwa ameshawapigia kaka zake simu huko Arua. Njooni Jumamosi, akawaambia, na watoto wote. Kuna mila ya kwetu, tulikuwa hatuijui. Kuna mzee anaijua.

Kuna mzee.

Okello alikuwa akimwaga maji ya sakafuni kwa kopo. Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Mzee," akasema, "ile ya hawaja ilikuwa mchezo. Hii ya leo si mchezo."

"Si umemwona amefurahi?"

"Nimeona. Atafundisha watoto yake. Na watoto ya kaka yake. Wewe utakuwa umekufa, na uongo yako iko bado inatembea hapa na miguu."

Nikamwambia ashughulike na tumbo lake.

"Tumbo yangu haijadanganya mtu," akasema, akaendelea kumwaga maji.

Nikapanda bodaboda hadi Nyakuron. Duka lake si gumu kulipata, liko kwenye barabara inayotoka kituo cha utamaduni, limepakwa rangi ya samawati. Aliponiona akatoka nje kunilaki. Akanipa kiti chenye takia, yeye akakalia kreti. Akanifungulia soda. Kila alichonitendea kilinikata, na alikuwa hajamaliza, akamwita jirani aje anisalimie. "Huyu ndiye yule mzee." Jirani naye akainama.

Nilizunguka. Niliuliza habari za biashara, za joto, za bei ya sukari. Nilisifu rangi ya duka. Halafu jirani akaondoka na nikakosa pa kuzungukia.

"Binti yangu, ile mila si mila. Niliitunga mimi."

Akaniangalia kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Mimi nina sura ya mzaha, silaumu mtu.

"Uliitunga."

"Niliitunga. Samaki walikuwa hawali."

"Yote? Hata ya maji usoni?"

"Hata hiyo. Hawaja mwenyewe alikuwa mwekundu kama nyanya, nikaona bora apoe."

Nilitumaini atacheka. Mtu akicheka, mimi najua pa kushika. Hakucheka. Alikuwa akikwangua karatasi ya chupa tupu ya soda kwa kucha.

"Basi pale mwanzo, mama hakunikataa."

"Hakukukataa. Viboko walikuwa wamehama. Mto umepanda."

"Na mara ya pili hakunipokea."

Nikaizungusha soda yangu mkononi.

"Sema, baba. Ya kwanza umeweza kuisema."

"Alikuwa kiboko tu, binti yangu. Alitoka kupumua."

Akaja mteja anataka sukari. Kiden akainuka, akapima, akafunga mfuko mafundo mawili, akamrudishia chenji. Mteja akaondoka, na Kiden akabaki amesimama nyuma ya mzani.

"Umenifanya nipige magoti," akasema.

"Ndiyo."

"Kwenye magamba."

"Ndiyo."

"Lile gauni nimeliloweka, sijui kama litatoka harufu." Akafuta mzani kwa kiganja. "Lakini pale mwanzo, kiboko alipokosa kutoka, niliongea na mama. Ile habari ya barabara sikuwahi kumwambia. Hata kaburini sikumwambia, kaka zangu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Hiyo hukuitunga wewe."

"Sikuitunga."

"Wala la blanketi."

"Wala hilo."

Akarudi kwenye kreti yake. Akanitazama vizuri sasa, kama anayepima uzito kabla ya kununua.

"Kaka zangu nitawaambia leo leo. Wakitaka kuja watakuja wakijua. Na wewe Jumamosi utatupeleka, na hutataja habari ya kiboko. Akitoka atoke, asipotoka tutamwacha na maisha yake. Kila mtu atataja mama yake na kumwambia alicho nacho, basi. Hakuna mababu."

"Nitawapeleka."

"Na wewe utaanza."

"Mimi mto unanijua, umeniogesha..."

"Baba," akasema, polepole, "usinifanyie mzaha tena."

Nikaiweka soda chini. Yeye akalainika kidogo, akauliza kwa wema tu, kama mtu anavyomuuliza mzee habari za kwao: "Mama yako aliitwa nani?"

Nikamwambia nitalitaja Jumamosi. Nikaiacha soda nusu na kutoka.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Silijui jina lake.

Alikuwa Mama Yohana. Yohana ni kaka yetu wa kwanza, na kila mtu alimwita mama kwa jina lake: majirani, padri, baba, mpaka wale waliokuwa wakitugawia mahindi huko ukimbizini. Mama Yohana njoo, Mama Yohana nenda. Alikufa mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni anapochoka, na mtoto haulizi mama anaitwa nani, mama anaitwa mama. Baadaye nilikuwa mkubwa wa kuuliza, nikawa mkubwa mno wa kuuliza. Baba hayupo. Yohana hayupo. Na mimi nimekaa mbele ya boti nikiwaagiza watu wa dunia nzima, inama, taja jina la mama yako mara tatu.

Nikiwa kwenye bodaboda, vumbi mdomoni, ndipo nilipojua kwa nini siku ile ya kutunga lilinijia jina la mama, lile nisilo nalo, na si la babu.

Ile makala ya mila nimeifuta. Wewe uliyejivunia kwenu kwa sababu yake, nisamehe, tafuta kitu kingine, vipo. Wageni watakaonililia kwa ajili ya samaki nitawaambia samaki hawali leo. Watazoea.

Na Okello, nakuandika hapa kwa sababu usoni sitaweza: tumbo lako lina akili kuliko kichwa changu.

Amebaki dada yangu Keji, huko Arua. Ananizidi umri, ndiye aliyenilea, yeye atakuwa analijua. Tunapigiana simu, tunataniana, ananiuliza kama bado nina meno. Katika maisha yetu yote amekuwa akiamini kwamba ninalijua. Nikimwuliza atacheka kwanza, atadhani ni mojawapo ya mizaha yangu. Kisha ataona kwamba sicheki. Hicho kimya kitakachofuata ndicho ninachokiogopa, kuliko kiboko.

Namba yake iko mbele yangu. Nitaanza na salamu, nitauliza miguu yake, nitauliza mbuzi.

Halafu mzee mwenye wajukuu anaulizaje: dada, yule mama yetu, alikuwa nani?